Bibi Aliyeogopa Kunywa Maji

Asubuhi katika nyumba ile ilianza na ndoo. Kabla ya chai, kabla hata ya salamu, mkwe wa Bibi alijaza ndoo mbili uani na kuzipeleka chooni. Alisimama mlangoni na kopo mkononi, akamwaga maji kidogo kidogo, huku akikibembeleza choo kama mtoto anayekataa kula.

"Shuka basi. Shuka, jamani. Leo tu."

Wapi! Maji yalipanda hadi ukingoni yakasimama pale, yakimtisha. Kisha yakaanza kupungua polepole, bwa, bwa, bwa. Harufu ikajaa nyumba nzima.

Chumba cha Bibi kilikuwa ukuta mmoja na choo. Alilala macho wazi akisikiliza. Alimsikia mkwe akishusha pumzi, akaisikia ndoo ya pili. Leo tena, alijisemea, leo tena ni mimi.

Alikuwa amehamia kwa mwanawe miezi miwili iliyopita, baada ya miguu kumshinda kuishi peke yake. Mwanawe ni mwashi. Mtaani wanamwita Fundi Pima, kwa sababu hatembei bila pima maji yake. Hata meza ya kulia huipima kwanza ndipo akae. Wiki ile mama anakuja, Fundi Pima alitandika vigae uani kote ili mama asikanyage matope. Vilipendeza, loh! Majirani walikuja kuvitazama. Na wiki ileile choo kikaanza kugoma.

"Choo hiki kilikuwa kizima," Fundi Pima alimwambia mkewe siku moja jikoni. Alidhani mama amelala. "Miaka yote hakikutusumbua. Kaja mama, kimeharibika. Wazee nao wana mambo yao. Sijui anatupa nini mle ndani."

"Shh! Atakusikia."

Bibi alikuwa amekwisha kusikia. Maneno yale yalimwingia yakakaa. Hakuwa ametupa chochote chooni, lakini nani alimuuliza? Na mtu mzima ataanzaje kujitetea kuhusu haja yake mwenyewe, mbele ya mwanawe wa kumzaa? Aibu ilimfunga mdomo.

Basi Bibi akabuni dawa yake. Asiyekunywa haendi chooni. Akiletewa chai, alisema ina moto sana. Ikipoa, aliimwaga kwenye maua nje ya dirisha. Maji alikunywa funda moja tu, la kumezea dawa ya miguu. Ulimi ulimkauka, midomo ikapasuka. Kichwa kilimuuma kutwa. Mkojo ulikuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Haja kubwa ilimkatalia siku nne, siku tano. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Afadhali nikauke mimi," alijiambia, "kuliko kuwatia watoto kinyaa." Siku nyingine aliomba Mungu amchukue mapema, ili nyumba ipumzike.

Fundi Pima naye hakukaa bure. Alichokoa choo kwa waya, akachokoa kwa mti. Alimwaga unga mkali wa kuzibulia. Ukamrukia ukamchoma mkono, ukafungwa bandeji. Choo kikawa kilekile.

"Tumwite fundi bomba," mkewe alisema.

"Mimi fundi, nimwite fundi mwenzangu kwa ajili ya choo? Watanicheka mtaa mzima."

"Na hii harufu, hawatucheki?"

Fundi Pima alichukua mwiko wake na pima maji yake, akaondoka zake kazini.

Siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, mkwe alisikia kishindo. Alimkuta Bibi amelala sakafuni, uso umepauka, macho yamezama ndani.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi aliivuta ngozi ya mkono wa Bibi kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi haikurudi haraka. Alimtazama ulimi. Alimuuliza rangi ya mkojo.

"Bibi, mwili umekauka huu," alisema. "Kwa nini hunywi maji?"

Bibi aligeuza uso ukutani.

"Mzee akikosa maji, figo zinaumia. Anaanguka, anachanganyikiwa, mkojo unaingia vijidudu. Wengine hawarudi nyumbani. Niambie kwa nini."

Ndipo machozi yalipomtoka Bibi, machache, maana hata maji ya kulia hayakuwepo.

"Nikinywa, nitakwenda chooni," alisema. "Na mimi nikienda, choo kinaziba. Mwanangu mwenyewe kasema."

Mkwe alikumbuka maneno ya jikoni. Alikumbuka kila kikombe cha chai kilichorudi kitupu, naye akafurahi kwamba mama anakunywa vizuri. Aliushika mguu wa Bibi juu ya shuka na kulia kwa sauti, mbele za watu.

Bibi alitundikiwa chupa ya maji, akalazwa hadi siku ya pili. Mkwe hakumuomba mumewe ruhusa. Kutoka zahanati alikwenda moja kwa moja kwa Spana.

Spana ni fundi bomba, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa na mdomo usio na breki. Alifika kesho yake, Bibi akiwa amerudi na kukalishwa kitini penye kivuli cha mlango. Fundi Pima alikuwepo. Tangu aambiwe kilichosemwa zahanati, alikuwa hajatia kitu mdomoni.

"Shikamoo Bibi," alisema Spana.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, nani mgonjwa hapa? Kabla sijamgusa mgonjwa, nauliza maswali. Mkioga bafuni, choo kinafanyaje?"

"Kinatoa povu la sabuni," alisema mkwe.

"Na kinakoroma," Bibi alisema kwa sauti ndogo. Wote waligeuka. "Kila mtu akioga, choo kinakoroma. Nakisikia. Tuko ukuta mmoja."

"Ehe!" Spana alipiga makofi. "Huyu ndiye shahidi wangu. Kilianza lini kukoroma, Bibi?"

"Usiku wangu wa kwanza hapa. Nilikuwa sijakiingia bado."

Fundi Pima aliinamisha kichwa.

"Sasa sikilizeni," Spana alisema. "Choo kikigoma peke yake, na bafu linapitisha maji vizuri, kuziba kuko karibu, hapohapo kwenye sinki la choo. Mpira wa kuzibulia unatosha. Lakini ukioga huku na choo kikatoa povu kule, kuziba kuko mbele zaidi, baada ya mabomba mawili kukutana. Hapo utamwaga unga mkali mpaka uchoke. Utajiunguza bure."

Fundi Pima alificha mkono wenye bandeji nyuma ya mgongo.

"Na chemba iko wapi? Kile kisanduku cha zege kinachopitisha maji machafu kabla hayajafika shimoni?"

"Ipo," alisema Fundi Pima.

"Najua ipo. Wapi?"

"Chini."

"Chini ya nini, baba?"

Alionyesha vigae kwa kidevu.

"Yaani umeizika!" Spana alishika kiuno. "Chemba ni mlango, fundi. Nyumba gani inazibwa mlango? Lete nyundo na tindo."

"Nitavunja mwenyewe," alisema Fundi Pima.

Alipiga magoti na kuvunja. Vigae vile alivyovipima kimoja kimoja vilipasuka vipande, na hakuna aliyecheka. Mfuniko wa chemba ulipotokea, Spana alivaa glavu, akauinua, akasimama kando kwanza ili hewa chafu itoke. Kisha wote wakachungulia. Ndani hamkuwa na maji, ila unyevu kidogo tu chini.

"Safi," alisema Spana. "Ingekuwa imejaa, tungejua kuziba kuko mbele yake, au shimo lenyewe limejaa. Hii ni tupu. Maana yake maji yanafika hapa kwa kudondoka tu. Kuziba kuko kati ya hapa na choo."

Aliingiza fimbo ndefu ndani ya bomba, kuelekea nyumbani. Ilikwenda hatua moja tu, ikagonga. Ko! Alisukuma tena. Ko!

"Kinyesi hakilii hivyo," alisema. "Wala kitambaa."

Walivunja vigae vingine, wakachimba, wakaliona bomba. Spana aliwaonya wasogee, akakata. Maji machafu yaliyofungwa yalitoka kwa nguvu, yakaingia chemba. Yalipokwisha, alipokea kipande cha bomba mkononi. Kilikuwa kizito. Alikigonga kwa nyundo, plastiki ikafunguka, na ndani mkatokea jiwe la kijivu lenye umbo la bomba, lililoacha mwanya mwembamba tu juu.

Hapana, halikuwa jiwe. Ilikuwa saruji. Na katikati ya saruji kulikuwa na kimsalaba kidogo cheupe cha plastiki, kile ambacho waashi huweka kati ya kigae na kigae ili nafasi ziwe sawa.

"Wiki ile ulipotandika vigae," Spana aliuliza taratibu, "ndoo za saruji uliziosha wapi?"

"Chooni," alisema Fundi Pima. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Sikutaka kuchafua uwanja. Nilisema ni maji tu."

"Saruji haijui kwamba iko ndani ya maji. Inatulia chini ya bomba na kuganda humohumo. Haizibuliwi, hukatwa. Ndoo yako iache itulie, maji ya juu umwage ardhini mbali na bomba, tope la chini likauke ulitupe na takataka. Choo kinapokea haja, maji na karatasi laini kidogo. Basi. Si saruji, si vitambaa, si pedi, si nepi, si mafuta ya kupikia." Alimtazama Bibi kitini. "Na tunapotafuta mkosaji, tuanze na chemba. Tusianze na watu."

Fundi Pima alikwenda mpaka penye kiti cha mama yake. Alikuwa na matope hadi viwikoni. Alipiga magoti.

"Mama, ni mimi. Si wewe. Haijawahi kuwa wewe. Nisamehe, mama."

Bibi alimtazama. Hakumkemea, lakini mkono wa kumgusa kichwa, mkono ambao mwanawe aliungojea, haukunyanyuka.

"Ningekufa, mwanangu," alisema. "Ningekufa nikijua ni mimi. Ungenizika, halafu choo kingeendelea kuziba."

Fundi Pima alilia. Mkewe alimwacha alie.

Kabla ya alasiri kulikuwa na bomba jipya na mfuniko wenye vipete viwili vya kuunyanyulia. Fundi Pima alifukia mwenyewe. Pale juu ya chemba hakurudisha kigae hata kimoja.

Choo kilipona siku moja. Bibi hakupona hivyo. Walimwekea maji kando, akanywa mafunda mawili, akakisogeza kikombe. Mkwe alikaa naye asubuhi, mchana na jioni, akimgawia kidogo kidogo kama muuguzi alivyosema. Ilichukua wiki mbili mkojo kuwa mweupe. Na bado kila alipokwenda chooni alisubiri kwanza nyumba iwe tupu.

Mpaka Jumapili moja, watu wote wakiwa nyumbani na mgeni sebuleni, Bibi aliinuka kitini. Alipita katikati yao na mkongojo wake. Aliingia, akafunga mlango. Walisikia kopo moja la maji likishuka, shwaa, moja kwa moja. Kisha kimya kirefu. Mkwe aliingiwa na wasiwasi, akakimbia kugonga.

"Mama! Vipi, mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu!" Bibi alijibu kwa sauti iliyofika hadi kwa mgeni. "Niko chooni. Mtu hawezi kukaa chooni kwao?"