Mahindi Yaliyoamka Shimoni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare zake, Chiriku alifagia ghala la baba yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jumamosi ile alifagia kimya.

Chini ya ghala kulikuwa na shimo refu la saruji, ambamo baba alihifadhi mahindi ya mbegu. Wiki iliyotangulia, Chiriku alisahau kulifunika, na mvua ikavuja kutoka paani mpaka shimoni. Mama alipomuuliza, alijibu, "Nilifunika, Mama," kisha akakimbia kurudisha kifuniko.

Sasa baba alikuwa ameleta ngazi. Vipandio vyake vilikuwa vimelegea, kwa hiyo alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaifunga nguzoni, akashuka.

"Mbona kuna joto hivi humu?" sauti yake ilisikika. "Na mahindi yameo..."

Kikafuata kishindo. Halafu kimya.

"Baba Chiriku!" mama aliita. Hakujibiwa. Mama akatia mguu kwenye ngazi.

Chiriku alikumbuka darasani, mwalimu alipoingiza njiti inayowaka ndani ya chupa yenye mbegu zilizoanza kuota. Njiti ilizimika papo hapo. Alimrukia mama, akamkumbatia kiunoni.

"Usishuke! Mahindi yamelowa, yamemaliza hewa!"

"Niachie! Mume wangu anakufa!"

"Utaanguka kama yeye, Mama! Tuvute kamba!"

Seremala jirani alisikia kelele, akaja mbio. "Haya, pamoja! Tena!" Walivuta mpaka viganja vikachubuka. Baba alitokeza akiwa amelegea kama nguo mbichi, midomo imebadilika rangi. Wakamlaza mlangoni penye upepo. Chiriku alikodolea macho kifua chake. Hakikutikisika.

Ghafla baba akakohoa.

Zahanatini, tabibu alimwekea baba oksijeni. Chiriku alishindwa kuvumilia. "Baba, sikufunika shimo. Nilidanganya," alisema huku akilia.

Tabibu alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Punje ya mahindi ina uhai. Ikiwa kavu, ni kama imelala. Ikilowa, seli zake huamka, zikatumia oksijeni kuvunja chakula kilichomo ndani yake ili zipate nishati ya kuota. Kazi hiyo hutoa joto na kaboni dioksidi. Hata seli zetu hufanya hivyo hivyo. Mtu anaweza kushiba, lakini bila oksijeni seli za ubongo hazistahimili zaidi ya dakika chache. Vizuri ulimzuia mama yako, tungewapoteza wote wawili."

Baba alisogeza kinyago cha oksijeni kidogo, akamshika binti yake mkono.

"Ulichojifunza shuleni kimeniokoa, mwanangu. Lakini ungesema kweli siku ile ile, tungeyaanika mahindi yale juani, na mambo yakaishia hapo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Angalia sana: wewe ndiye uliyeficha, na kifo kilikuja kunitafuta mimi."