Harufu Iliyomfuata Kimanzi

Mutanu alikamua ng'ombe, akachemsha chai, akafagia sebule. Ilikuwa asubuhi ya kawaida hapo Masii. Lakini ndani ya nyumba palinuka mzoga.

"Ni panya," alisema mama mkwe wake, Kamanthe. "Amefia darini."

Wakatafuta. Walipanda darini, wakavuta vitanda, wakatoa magunia yote ya mahindi nje. Panya hayuko. Hata mjusi hayuko!

La kutisha likaja baadaye. Kimanzi, mume wa Mutanu, alienda shambani, na harufu ikaisha. Aliporudi, ikarudi. Akaingia jikoni, nayo ikaingia jikoni. Mbwa wao alimnusa usoni, akarudi nyuma akilia kwa sauti nyembamba. Nywele zilimsimama Mutanu.

Kimanzi ni mwanajeshi. Alikuwa likizo, akingoja kwenda na kikosi chake kulinda amani katika nchi ya mbali yenye jangwa. Likizo hii hakucheka. Nyama hakugusa. Alikaa tu, kiganja shavuni.

"Mwanangu amefuatwa na wafu," Kamanthe akanong'ona. "Anaoza na bado anatembea. Tuite watu wa maombi."

Mutanu aliogopa kuwa mjane. Akakimbia kwa jirani yao Loise, anayeitwa Mama Levi, muuguzi mstaafu wa kliniki ya meno ya wanajeshi.

Loise aliingia, akavuta pumzi mara moja tu.

"Afande, fungua mdomo."

"Niko sawa, Mama Levi."

"Nimesema fungua!"

Akafungua. Jino la nyuma lilikuwa limezibwa na kitu cheupe.

"Hii ni nini?"

"Nta ya mshumaa," Kimanzi akajibu, macho chini. "Kabla ya safari tunakaguliwa meno. Mwenye jino bovu anaachwa. Nikaziba shimo, na aliyenikagua hakuona."

"Ala! Kumbe ulimficha daktari?" Loise akampapasa chini ya taya. "Mnakunywa chai ya sukari na soda, halafu mnalala bila kupiga mswaki. Sukari inalisha vijidudu, vijidudu vinatoboa jino. Wewe ukavifungia ndani! Sasa kuna usaha, na uvimbe umeanza kushuka shingoni. Ukishuka zaidi utaziba pumzi. Huko jangwani nani atakuokoa? Ndiyo maana mnakaguliwa. Si adhabu."

Mutanu akamshika mumewe mkono. "Mume wangu, safari si kitu. Mimi nakutaka wewe."

Walienda hospitali saa hiyo hiyo. Jino likang'olewa, usaha ukatoka, akapewa dawa. Daktari alimwambia Mutanu kwamba wangechelewa kidogo, wangempoteza. Mutanu alilia palepale kwenye benchi, bila aibu.

Aliporudi kambini, Kimanzi alisema ukweli. Meno mawili mengine yaliyoanza kutoboka yakazibwa vizuri. Kikosi chake kiliondoka bila yeye. Iliuma, wacha tu! Lakini sasa alipiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi ya kuimarisha meno, na soda akaipa kisogo. Akaondoka salama na kikosi kilichofuata.

Juzi akapiga simu. "Leo tumekaguliwa meno tena."

"Ukafanya nini?" Mutanu akauliza.

"Nilifungua mdomo kabla sijaambiwa."

Mutanu akacheka mpaka Mama Levi akamsikia kutoka kwake.