Kijumba Nyuma ya Jiko

Jua lilikuwa linazama upande wa Congo Ithungu aliposhuka kwenye boda mbele ya duka la Hakim, pale Bwera, kuchukua video yake. Kazi ndogo tu: anakili, aage, arudi kupika. Maonyesho ya video hiyo yalikuwa Jumapili mjini Kasese, na watu wa kanisa la Bugoye wote walikuwa wamealikwa. Aliwaalika yeye mwenyewe. Alitaka wakae kwenye viti, watazame, waone haya.

Hasira hasara, husema watu ambao hawajawahi kunyang'anywa kitu. Bibi yake Ithungu, Yayeri, alifukuzwa Bugoye na mwanawe wa kumzaa, Enoka, baada ya mtoto wa jirani kufa kwa homa. Mchawi, wakasema. Lisemwalo lipo, wakasema. Wakachoma kijumba cha nyasi nyuma ya jiko lake, alichowajengea mizimu ya ukoo na ambamo kila jioni aliweka tonge la bundu, ule ugali wa muhogo. Bibi akafia kwenye chumba cha kupanga hapa Bwera, bado anakana. Enoka hakuja hata kuzika.

Ithungu hakuwa na panga wala wakili. Alikuwa na kompyuta. Basi akalijenga boma la bibi upya humo ndani, katika dunia ya mtandaoni yenye jua lake na mvua yake, ambamo unaweza kutembea. Akaweka migomba, kahawa, jiko lenye paa la chini. Akaweka kijumba. Ng'ambo ya uwanja akaweka nyumba ya mabati ya Enoka, kwa chuki tu. Kisha akasimamisha kamera ndani ya dunia hiyo hiyo, iwe inapiga picha moja moja bila kukoma. Ukiziunganisha, msimu mzima unapita kabla chai haijapoa: mgomba unachipua, unazaa, unaanguka. Watu hakuweka. Boma tupu, hilo ndilo lilikuwa shitaka lake.

Umeme wa kwake ulikuwa wa kubahatisha, hivyo kompyuta ilikaa kwa Hakim, kati ya mashine ya kutoa nakala na simu za wapagazi wa mpakani Mpondwe zinazochajiwa.

Hakim hakumsalimia. Alifunga mlango kwanza.

"Ithungu," alinong'ona, "mutu iko ndani ya kazi yako."

"Mutu gani? Mimi sikuweka mutu."

"Kaa. Angalia wewe mwenyewe."

Alikaa. Picha zikakimbia. Jua, mvua, jua. Migomba ikapanda. Vivuli vikazunguka uwanja, vikarudi...

Kisha mguu.

Mguu mmoja mwembamba, ukitoka kwenye mlango wa kijumba ambao hata kuku angepita kwa shida.

Picha iliyofuata, mtu mzima amechuchumaa nje. Ngozi na mifupa. Ameingiza mkono kijumbani, anapapasa. Hakuna kitu humo. Ithungu alijenga kijumba, hakuweka tonge. Nani anawekea chakula kompyuta?

"Nani ameingia kwangu?" Ithungu alimgeukia Hakim, macho mekundu. "Namba ya siri tunajua watu wawili."

"Wallahi sijagusa. Hata alasiri sijaswali, naogopa kuacha hii kitu peke yake."

Kwenye kioo cha kompyuta mtu yule alikuwa ameinuka. Alipita chini ya paa la jiko, ameinama. Akavuka uwanja. Akaingia kwa Enoka.

Alipotoka, mashavu yalikuwa yamejaa kidogo.

Jua, mvua, jua. Akaingia tena. Akatoka ana shingo. Akaingia... akatoka ana tumbo.

"Unasikia harufu?" Hakim aliuliza.

Moshi. Nyasi zinazoungua, dukani, na hakuna kilichowaka.

Ithungu alicheka. Tuseme ukweli: alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyengoja miaka kuona haki, na haki imekuja kwa miguu yake.

"Ni bibi," alisema. "Amerudi kula kwa mutoto wake."

Kulikuwa na jambo moja dogo lililomchoma. Bibi Yayeri alikuwa mfupi. Chini ya paa lile la jiko alipita wima, kilemba kichwani. Ithungu mwenyewe ndiye aliyelipima kwa kumbukumbu. Mtu wa kwenye kioo aliinama... Akalifukuza jambo hilo. Hasira inajua kufumba macho.

Akampigia Enoka, akaweka spika.

Sauti iliyoitika ilikuwa nyembamba, kavu.

"Baba mudogo, uko namna gani?"

"Mutoto yangu... nakula, sishibi. Nimekwisha, nimebaki nguo. Kuna mutu iko anakaa hapa karibu na sahani. Resty, muke yangu, haoni. Mimi naona."

Kwenye kioo picha mpya iliingia. Ndani ya nyumba ya mabati, dirishani, kulikuwa na mgongo mpana.

"Sema bibi hakuwa muchawi," Ithungu alisema. "Sema, nitamutoa."

Ithungu aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Sema. Ulimutupa kama takataka. Sema!"

"Nobert ndiye alisema kwanza," Enoka alinong'ona. "Alisimama kanisani, akamutaja. Mimi niliogopa tu. Mama hakuwa muchawi. Nilijua, Ithungu. Siku zote nilijua."

Machozi yalimtoka Ithungu, ya moto. Maneno hayo bibi aliyangoja mpaka akakata roho. Lakini Enoka hakuwa amemaliza.

"Namujua mama yangu. Huyu iko hapa si mama. Huyu ni mutu murefu. Nani alimutuma?"

Hakim alimtazama Ithungu. Ithungu alikitazama kioo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na hatuulizi ni mgeni gani. Alikuwa amejenga nyumba ya mizimu, akaiacha bila chakula, bila jina la mtu, akaijaza hasira tu.

Alishika kipanya. Akafuta kijumba. Akafuta nyumba ya Enoka. Akafuta jiko, kahawa, migomba yote.

Harufu ya moshi ikakatika.

"Ametoka," Enoka alisema, akishusha pumzi ndefu. Kisha, polepole, bila ukali wowote: "Kumbe muchawi ni wewe."

Simu ikakatika.

Picha mpya ikaingia. Uwanja mtupu, udongo tu. Katikati ameketi mtu yule, mrefu, mnene, mikono juu ya magoti. Uso ulielekea kamera. Hakuonekana na hasira. Alionekana anangoja kuambiwa aende wapi.

"Zima," Hakim alisema. "Ithungu, nakuomba, zima."

Angezima. Kidole kilikuwa tayari. Lakini hasira yake haikuwa imepoa, na akilini, bila kuitwa, likapita jina la Nobert.

Hakulitamka. Alilifikiria tu.

Picha iliyofuata, hapakuwa na mtu uwanjani.