Ukingo wa Mashua ya Alio

Mpaka leo sitaki hata salamu ya Alio. Ana mashua ndogo ya tanga, ya faiba, ile plastiki ngumu. Wakati wa mafuriko ya Tana alikataa kumpakia Sahra, bibi harusi wa siku mbili, mikono imejaa hina, na mto ukamchukua. Juzi akampelekea mashua rafiki yangu Abdimalik, fundi wa rangi za magari hapa mtaani Iftin. Rangi yake ilikuwa imechujuka, inatoa unga kama chaki.

"Sugua ing'ae, wallahi nataka kuuza," Alio akamwambia. Hana hata haya!

Abdimalik aliingia gizani chini ya turubai lililofunika mashua, akapiga msasa, akapaka polishi. Alipotulia, akasikia kucha zikikwaruza ukingoni. Akamulika simu. Kwenye mng'ao palikuwa na alama ya kiganja chenye maua. Akaigusa.

Hina ilikuwa bado mbichi.