Barua ya Kazi ya Kemilembe

Mvua ya ghafla iliwatawanya watu wa soko la Bukoba mwaka ule wa 1954, ikamsukuma msichana mwenye gauni la samawati na kola nyeupe hadi kwenye baraza la duka la vitambaa, mtaa wa Miembeni. Hapo ndipo Kagaruki alipowapigia watu barua kwa taipu.

"Umekuja kuandikiwa au kujikausha?" alimtania.

"Vyote, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Naomba kazi ya uuguzi Mwanza."

Aliitwa Kemilembe, wa kijiji cha Kimwani. Maombi aliyokuwa ameyaandika kwa mkono yalijaza kurasa tatu, na mbili zilikuwa salamu tupu: alimuulizia daktari mkuu wa hospitali ya Mwanza hali ya mkewe, watoto wake na ng'ombe wake.

"Mkewe unamjua?"

"Simjui. Ndiyo maana namuulizia."

Kagaruki alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, huyu ana barua mia mezani. Mwambie unajua nini, umefanya kazi wapi, na nani anakufahamu."

"Nijisifu mwenyewe? Kwetu wataniona sina adabu."

"Kule zahanati ya misheni uliyoitaja mwishoni umesaidia kuzalisha akina mama wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Basi tuandike arobaini na wawili. Kusifu tumwachie yeye."

Akapiga: darasa la nane, miaka miwili zahanati, jina la mkunga na la mchungaji. Ukurasa mmoja, safi. Kimwani hakukuwa na sanduku la posta, kwa hiyo akaweka namba ya sanduku lake, kama alivyowafanyia wateja wote wa mbali.

Tangu hapo Kemilembe akawa anakuja kila siku ya soko kuulizia jibu. Walishuka pamoja hadi ziwani, wakamenya karanga huku ukungu ukifuta visiwa kimoja kimoja, na saa zikapita bila wao kujua.

"Bado halijafika?"

"Bado, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani, taipu imeteleza."

Alicheka, naye Kagaruki akajua kwamba amekwisha. Alimpenda msichana yule hadi akawa anakosea majina ya wateja.

Kisha jibu likaja. Kemilembe amekubaliwa; aripoti Mwanza Jumatatu ya pili kuanzia hapo. Kagaruki alilisoma mara tatu, akalitia katika mfuko wa koti. Siku ya soko ilipofika, midomo yake ikasema, "Bado."

Kemilembe alilia palepale barazani. "Hawanitaki. Pengine ile barua yako fupi ndiyo iliyoniponza. Sitakusumbua tena, kaka."

Aliondoka bila kugeuka. Siku nne Kagaruki hakula vizuri, na kila alipovaa koti aliona haya kama mwizi. Ijumaa alfajiri akapanda basi la Muleba, akateremka njiani na kutembea hadi Kimwani.

Mzee Rwegasira, baba yake Kemilembe, alimkaribisha vizuri mno. Akamsogezea kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizokaushwa ambazo mgeni hutafuna na mwenyeji wake kuonyesha wana amani.

"Sistahili, tata," Kagaruki alisema, akimwita baba kwa Kihaya.

Buni hukataliwa na adui tu. Mzee akakirudisha kikapu polepole, uso umebadilika.

Kagaruki akatoa barua, akampa Kemilembe kwa mikono miwili. "Imekaa kwangu siku tisa. Umekubaliwa. Niliificha kwa sababu ukienda Mwanza nitakukosa. Meli ni kesho jioni, bado utawahi."

Kemilembe alisoma hadi mwisho. "Uliniacha nilie mbele yako?"

"Ndiyo."

Kemilembe aliingia ndani akaanza kufunga sanduku lake la nguo, na mzee akatoka kutafuta wapagazi bila kumtazama mgeni.

Kesho yake ziwa lilikuwa kimya, maji na mbingu vimekuwa rangi moja. Kagaruki alisimama mbali na ndugu zake Kemilembe, pembezoni mwa gati la Bukoba, hana uso wa kusogea. Kemilembe ndiye aliyemfuata, gauni la samawati likipepea.

"Nimekukasirikia, Kagaruki. Nitakukasirikia mpaka Mwanza."

"Na ukishafika?"

Honi ya meli ikalia. Kemilembe alimtazama, macho yamelowa lakini midomo imeshaanza kucheka.

"Barua inasema Desemba nitapata likizo. Mshenga wako aje wiki hiyo hiyo, nikiwapo nyumbani. Jibu hilo nitalitoa kwa mdomo wangu."