Mwizi Aliyemwaga Bia

Bia ilikuwa imetapakaa sakafuni, na pipa halikuwepo.

Inspekta alisimama mlangoni mwa ghala akikuna sikio. Katika kazi yake alikuwa amewakamata watu walioiba bia wakaacha pipa, na hata mmoja aliyekutwa amelala kando ya pipa aliloiba, hajitambui. Lakini mwizi wa kumwaga kinywaji akaondoka na mbao? Huyo alikuwa bado hajakutana naye.

"Ni mlinzi," alisema mwenye kiwanda, bwana mnene aliyekuwa ameshavaa suti ya kupokelea wageni. "Alilala usingizi wa pono. Au alikula njama nao."

"Yuko mahabusu. Kwanza nieleze, ni bia gani hii?"

"Bia chachu. Imelala miaka minne ndani ya pipa la mwaloni lililowahi kuwekwa mvinyo mwekundu. Kaka yangu ndiye aliyeipika, Mungu amrehemu. Leo waonjaji wanakuja kutoka kila upande, na watu wa magazeti. Sasa niwaonjeshe nini, sakafu?"

Inspekta alitaka kucheka. Akakumbuka cheo chake.

Mtaalamu wa alama za vidole aliinuka kutoka kwenye kitasa, brashi mkononi. "Alama zipo tele, afande, lakini mlango haukuvunjwa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo."

Aliyebaki ghalani kumsaidia Inspekta alikuwa mwonjaji wa kiwanda, bwana mwembamba asiyevuta sigara wala kugusa pilipili kwa sababu ya kuutunza ulimi wake. Alimwonyesha kazi inavyokwenda. Usoni mwa kila pipa kulikuwa na msumari mdogo wa chuma cha pua. Aliuchomoa mmoja, bia ikaruka kama uzi hadi kwenye glasi, akaurudisha mahali pake.

"Onja."

"Niko kazini."

"Bila kuonja hutaelewa kilichoibwa."

Inspekta alichovya midomo. Uso ukamkunjamana. "Mbona imeharibika!"

"Subiri kidogo."

Alisubiri. Uchachu ulipopungua, kikaja kitu kama zabibu zilizoiva sana, kisha ladha ya mti, na ukavu ule wa mvinyo unaobaki kwenye fizi. Akapiga funda la pili bila kuambiwa.

"Ungeniambia ni mvinyo ningekubali."

"Na lile lililoibwa ndilo baba lao."

Inspekta aliweka glasi chini, akainama. Kwenye safu ya mbele, chini ya misumari ya mapipa kadhaa, kulikuwa na michirizi iliyokauka juu ya rangi mpya. Michirizi ilianzia pipa la kwanza ikaenda moja baada ya jingine mpaka penye pengo. Baada ya pengo hapakuwa na mchirizi hata mmoja.

"Mmeonja haya karibuni?"

"Hapana. Tangu tuyapake rangi hatujayagusa."

"Nani aliwaambia myapake rangi?"

"Bosi. Alitaka yawapendeze wageni. Tukafuta alama za zamani, tukayapanga upya, mimi na yeye tu."

"Kwa hiyo nyinyi wawili mnajua lilipokuwa."

"Hata usingizini."

"Basi msingehitaji kuonja. Mwizi alikuwa akilitafuta kwa ulimi, na alipolipata akaacha kuonja. Mlinzi ana ulimi wa namna hiyo?"

Mwonjaji aliangua kicheko. "Yule? Hanywi kabisa. Akipita humu anaziba pua kwa kofia."

"Nani mwingine anaweza kulitambua pipa lile, lakini hakuwepo mlipoyapanga?"

Kicheko kilikatika. Bwana yule akatazama viatu vyake. "Afande, mimi ni mwajiriwa tu hapa."

"Hata mimi nimeajiriwa. Jibu swali."

"Mjane wa marehemu," alisema taratibu. "Alikuwa akionja na mumewe kila pipa. Mimi nalipwa kwa kazi hii, lakini mbele ya mama yule bado najifunza."

"Na pipa bila bia linamfaa nini?"

"Pipa ndilo lenye thamani, afande. Vijidudu vinavyoichachusha bia vinaishi ndani ya mbao. Ukilitia bia mpya, vinaanza kazi upya. Ukiliacha likauke, mbao zinaachana, vyote vinakufa, unabaki na kuni. Aliyelichukua lazima awe na bia mbichi ya kulijaza."

Inspekta alimkuta mwenye kiwanda uani akiwapigia wageni simu, akiwasomea visingizio.

"Shemeji yako alikuja hapa lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita. Aliomba pipa lile."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamkatalia. Nimeshanunua matangi ya chuma ya kuchachushia bia. Baada ya maonjo haya mapipa yote yanakwenda kwa fundi, ayakate nusu, yawe vyungu vya maua. Huwezi kuendesha kiwanda kwa kumbukumbu za marehemu."

Nyumba ya mjane ilikuwa kona ya pili kutoka kiwandani. Inspekta na konstebo wake walikwenda kwa miguu. Mama alikuwa uani akifagia, mtu wa makamo mwenye mabega mapana. Ukutani yaliegemezwa masufuria makubwa yaliyooshwa, ya kupikia umati.

"Shikamoo, mama. Kulikuwa na shughuli?"

"Marahaba. Shughuli gani, mwanangu? Nakaa peke yangu."

Aliwaletea chai. Inspekta aliinywa huku akiutazama mlango wa stoo. Vijinzi vidogo vya matunda vilizunguka tundu la ufunguo kwa bidii. Angeweza kuufungua mlango ule hapo hapo, lakini aliona aibu kumvunjia mama huyu heshima kabla ya kumpa nafasi.

"Mama, kiwandani kumeibwa pipa. Tumemweka ndani mlinzi wa zamu."

Kikombe cha mama kilitua mezani kwa kishindo. "Yule baba wa watu? Mtoeni! Mtoeni sasa hivi, hajui lolote!"

"Nani anajua?"

"Mimi. Nimelichukua mimi."

Inspekta alimpa onyo kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema na kwamba atakachosema kitaandikwa. Mama akafungua stoo. Pipa lilikuwa limelala juu ya magogo mawili, rangi mpya imekwanguliwa yote.

"Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo wa mume wangu. Hakuna aliyewahi kunidai."

"Kwa nini uliimwaga bia?"

"Likijaa halisogei. Nilibakiza robo, nikalibingirisha mwenyewe. Kazi hiyo nimeifanya miaka yote ya ndoa yangu. Bia mbichi nilikuwa nimeshaipika hapa nyumbani." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Usidhani nilifurahi. Nilikuwa namwaga jasho la mume wangu, na nililia mpaka nikaogopa nitamwamsha mlinzi."

"Kwa nini basi, mama?"

"Nilikwenda kuomba, mwanangu. Kwa adabu zote. Shemeji akaniuliza mbele ya wafanyakazi, 'Unataka pipa au unamtaka marehemu?' Wakacheka. Ningemjibu nini? Ni kweli nilikuwa namtaka marehemu. Pipa lile alininunulia mwaka tuliooana, akasema ni langu. Lakini nithibitishe vipi? Aliyelinunua amekufa, na aliyekuwepo akisikia ni shemeji peke yake."

Sheria ni msumeno. Inspekta alimwambia mama yuko chini ya ulinzi, akamtuma konstebo amlete mlalamikaji aje kuitambua mali.

Mwenye kiwanda alifika akihema, amekasirika. Alilizunguka pipa. Hapakuwa na namba wala rangi.

"Unalitambua?" aliuliza Inspekta, kalamu mkononi.

Mwenye kiwanda aliuchomoa msumari, akakinga kikombe, akaurudisha, akanywa. Sehemu kubwa ilikuwa bia mbichi yenye utamu wa nafaka, lakini chini yake ile ya zamani ilikuwepo. Alifumba macho. Akanywa tena, polepole. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, akaketi juu ya gogo bila kujali suti.

"Tangu tumzike sijaionja," alisema. "Nilimwachia mwonjaji. Nilikuwa naogopa."

"Bwana, nauliza kama hili ndilo pipa lako."

"Ndilo lililotoka ghalani. Lakini si langu, wala halijawahi kuwa langu. Kaka alimpa mkewe, na chochote kitakachotiwa ndani yake, nami nikiwa nimesimama pale pale. Andika hivyo. Na mlinzi mwachilieni, nitamwomba radhi mwenyewe."

Inspekta aliacha kuandika. "Kwa hiyo alipokuja kuomba, ulijua anaomba kilicho chake?"

"Nilijua."

Mjane alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Ungelisema hilo siku ile, shemeji," alimwambia, "leo wageni wako wangekuwa wanakunywa bia ya kaka yako."