Uzito wa Machila

Walipotoka Sanje ndipo Eustaki alipohisi machila, kile kitanda chao cha kitambaa na mianzi, imezidi uzito. Asubuhi ile walikuwa wamesimama ili Bibi, yule mwanamke wa Kijerumani waliyembeba begani tangu Kilosa, ayaone maporomoko. Ndivyo alivyokuwa: kila penye kupendeza lazima ashuke achore. Pale Sanje alioga kabisa, ingawa wenyeji walimsihi asiyaingie maji yale bila kuombewa ruhusa kwa mizimu.

"Nani analegea?" akafoka Haidari, nyapara wao, mtu wa Kilwa.

"Hakuna anayelegea, bwana nyapara. Labda Bibi kaokota mawe."

Haidari alipekua, asikute mawe. Alikuta harufu ya tope la chini ya mto, na kitambaa kimelowa upande ambao Bibi hakuulalia. Tangu hapo akawa anamtazama Eustaki kwa jicho la pembeni. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na Eustaki alikuwa Mndamba wa Ifakara.

"Nyie ndio mliokunywa maji," alimnong'oneza walipopumzika. "Kama una dawa kibindoni, itupe. Tukifika bomani nitasema, nao watakunyonga."

"Haki ya Mungu, sina kitu."

Lakini yale maji ya vita kweli aliyanywa.

Kesho yake adhuhuri Bibi alishuka tena, akapanda kilima na daftari lake kulitazama bonde.

"Isogezeni kivulini," Haidari akaamuru.

Wabebaji wanne wakainama, wakanyanyua, wakasita palepale, kwa maana machila ile waliyoiona kwa macho yao kuwa tupu ilikuwa nzito kama jana, kitambaa kimebonyea katikati kama kilivyobonyea Bibi alipolala, maji yakidondoka chini tone kwa tone, na humo ndani, huku Bibi yuko kule juu anachora, mtu akiimba polepole wimbo ambao mama zake Eustaki waliuimba walipozika.

Haidari alimshika Eustaki mkono. "Ndugu yangu, nilikudhania vibaya. Hii si kazi ya dawa."

Ifakara walimwendea Bi Waridi, mganga aliyekaa karibu na kivuko. Alikinusa kitambaa, akarudi nyuma.

"Aliyemo ametoka majini. Mrudisheni majini sasa hivi, pamoja na machila yenyewe."

Bibi alikuwa ukingoni akichora viboko. Eustaki na Haidari wakaipakia machila kwenye mtumbwi, wakapiga kasia hadi katikati ya mto Kilombero, wakaisukuma. Mianzi na kitambaa vikazama kama jiwe. Kabla maji hayajafunga, ndani yake ukatoka ukelele mmoja wa mwanamke, na Haidari akaacha kasia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kilikuwa Kijerumani, Eustaki."

Wakarudi ukingoni. Bibi alikuwa amesimama, daftari limeanguka matopeni wala halitazami. Wakafunga machila nyingine upesi, akapanda. Wanne wakanyanyua kwa nguvu waliyoizoea, nusura wairushe: ilikuwa nyepesi kama haina mtu. Eustaki akageuza shingo. Bibi alikuwemo, amelala, macho wazi, nywele zinadondosha maji.

Akamtabasamia, akasema kwa sauti ile iliyoimba ndani ya machila, kwa Kindamba kilichonyooka, lugha ambayo Bibi hakuwahi kuijua hata neno:

"Nipelekeni bomani, wanangu. Nataka kupaona."

Haidari hakuielewa lugha ile. "Anasemaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

Eustaki aliukaza mti begani. "Anasema twende," akajibu, akatangulia kupiga hatua.